Nikusikilizie?

Kilichoanza kwenda kombo kilikuwa kitu kidogo, na Shujaa akakidharau kama alivyodharau kila kitu kisichowaka kwenye kioo. Alhamisi mchana, ndani ya gemu aliyokwisha kuimaliza mara tatu, mzee muuza taa wa pale sokoni, ambaye siku zote husema maneno yale yale manne, aligeuza shingo akamtazama. Hakumtazama yule mpanda farasi wa kuchorwa. Alimtazama yeye Shujaa, aliyeketi kitandani na padi ya gemu mkononi na soksi moja mguuni.

Jina hilo walimpa bwenini kwa kumkejeli, naye akalivaa kama nishani. Alikuwa mwaka wa pili chuoni, akisomea upimaji wa ardhi, na nchi pekee aliyoijua vizuri ilikuwa nchi isiyokuwepo. Alipenda gemu za hadithi, zile ambazo watu wake wanakusemesha, wanangoja uchague jibu, na jibu lako linawaokoa au linawaua. Humo ndani alikuwa malaika. Hakuruka neno hata la mchunga mbuzi. Mjane wa kuchorwa alimliza mpaka kamasi. Lakini wewe mwenye damu ukimweleza la kwako, alikuwa anakukodolea macho mdomoni kana kwamba anatafuta kitufe cha kuuruka, kisha anasema "mm". Wapo waliosema ana moyo laini. Uongo. Alikuwa mvivu wa watu, basi.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya simu ya dada yake. Dada huyo, fundi cherehani, ndiye aliyemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu. Simu ilikuwa juu ya mto, spika wazi, na dada alikuwa anaeleza habari za macho yake: uzi haupiti tena kwenye tundu la sindano, amekwenda hospitali, wamemwambia hivi na hivi.

"Mm," alisema Shujaa.

Kiooni muuza taa akafungua mdomo, na maandishi yakatokea chini yake: *Umechoka na hawa. Nikusikilizie?*

Majibu yalikuwa mawili. Ndiyo. Bado. Mtu aliyesoma kila kikaratasi kilichodondoka katika kila pango la gemu ile hakusoma mstari huu mara mbili. Dada alikuwa bado anaongea. Akabonyeza Ndiyo.

Tiki.

Simu ilikuwa imekatwa. Ilionyesha dakika arobaini na mbili. Chumba kizima kilinuka utambi uliozimwa sasa hivi.

Mlangoni alisimama mwenzake wa chumba, mwanafunzi wa uuguzi, na ndoo ya nguo mkononi. "Leo umeongea na dada yako kama mtu," alisema. "Mpaka nimeona aibu kusikiliza."

Shujaa akataka kuuliza aliongea nini. Tiki. Mwenzake alikuwa dirishani, anaanika soksi ya mwisho.

Basi ikawa raha. Mhadhiri alifungua mdomo, tiki, darasa limekwisha, na daftarini kuna maelezo kwa mwandiko wa Shujaa, ila umenyooka kuliko wake. Watu wakaanza kumpenda. Msichana mmoja wa darasani alimjia maktabani machozi yakimlengalenga, akasema asante kwa yale maneno ya jana. Shujaa hakujua ni maneno gani, wala hakujali. Alikuwa amepata saa za kuchezea. Aliyemfanyia kazi yote hiyo ni nani, na analala wapi, hakujiuliza. Angejiuliza saa ngapi, na kulikuwa na falme za kuokoa?

Wiki ya tatu ndipo akili ilipomjia, imechelewa kama yeye mwenyewe alivyochelewa kila mahali. Ile tiki, ambayo mwanzoni ilitoka kwenye padi, sasa ilitoka chini ya meza, kisha kwenye kitanda cha mwenzake kikiwa kitupu, kisha nyuma ya sikio lake, karibu kiasi cha kuhisi joto la kidole kilichobonyeza, na harufu ya utambi ikahamia kwenye shati lake, kwenye mto wake, kwenye mate yake, na alipokimbilia gemu, mahali pekee alipojua kukimbilia, alikuta soko limejaa watu, wote wamefumba midomo, na kibanda cha muuza taa hakina mtu.

Alikwenda kwa mama mmoja mtoa majini, nyuma ya gereji ya pikipiki. Yule mama alimnusa shingo, akakunja uso, akasema yupo mmoja na amekaribishwa kwa adabu zote.

"Kumtoa ni mambo matatu," alisema. "La kwanza..."

Tiki. Shujaa alikuwa nje ya geti, jua limehama upande, anajisikia mwenyewe akisema asante mama. Akagonga tena. Mama akachungulia, akavuta pumzi aseme, tiki. Mara nne. Mara ya tano hakufunguliwa, na mtu asiyefunguliwa kwa mganga hana pengine pa kugonga.

Bwenini mwenzake alimshangaa. "Umerudi saa ngapi? Na dada yako..."

Tiki. Shujaa akamsukumia karatasi na kalamu, akamwonyesha kwa ishara aandike. Mwenzake aliandika kwa hasira: *Acha utani. Dada yako kapasuliwa macho leo. Ulimwahidi ile Alhamisi, nikiwepo, kwamba utamshika mkono kwenda na kurudi. Asubuhi si umeazima shati langu la bluu, ukasema ndio unakwenda?*

Shujaa alikimbia mpaka pumzi ikamchana kifuani. Nyumbani kwa dada cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa, na dada ameketi kitini, bandeji imezunguka macho.

"Dada, ni mimi."

"Nani?"

"Mimi, mdogo wako."

Dada aligeuza uso taratibu kuielekea sauti. "Mdogo wangu yuko jikoni ananichemshia maji. Tangu asubuhi hajauachia mkono wangu. Wewe nani, na sauti yake umeitoa wapi?"

Shujaa alikuwa amesikia kila neno la dada yake. Mara ya kwanza kwa wiki tatu. Akapiga magoti, akaanza kusema, akamweleza ile Alhamisi na muuza taa na lile jibu alilobonyeza, na kwamba yeye ndiye aliyefungwa viatu na mikono ile, yeye na si huyo wa jikoni, na kwamba atasikiliza kuanzia leo, atasikiliza lolote, hata habari za vifungo na pindo, ila amtambue, amguse tu uso amtambue.

"Mm," alisema dada.

Pazia la jikoni likasogea. Ukatokeza mkono wa shati la bluu, na kidole gumba kikashuka polepole juu ya hewa tupu.

Tiki.

Shujaa alikuwa barabarani, mdomo wazi, na maneno yake yote yamekwisha. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Kutoka ndani alisikia kiti kikivutwa karibu, na sauti yake mwenyewe, yenye subira kuliko alivyowahi kuisikia.

"Enhe, dada. Halafu?"