Mitungi Aliyoitoboa Nyamai

Mtungi ulimponyoka hamali, ukagonga lami ya stendi ya mabasi ya Machakos, jijini Nairobi, kwa kishindo, ukabingirika hadi miguuni pa muuza mandazi. Mtu akapiga kelele, "Gesi! Wasee, italipuka!" Kufumba na kufumbua, palipokuwa na umati palibaki ndala tupu na msichana mmoja aliyevaa jinzi iliyopauka kwa chumvi, leso ya Pwani mabegani, akihema kwa hasira.

Msichana huyo aliitwa Nabiswa. Alikuwa binti wa karani wa reli, mzaliwa wa Makadara, lakini kwa miaka mitatu aliishi Watamu akiwaongoza wageni kuzamia chini ya bahari. Mapema mwaka huo wa 1995, bosi wake alimtuma Nairobi na mitungi ya kampuni ikapimwe.

"Si gesi, jamani! Ni mtungi wa hewa, tena mtupu!"

Mwanamume mmoja hakuwa amekimbia. Alivaa ovaroli ya bluu iliyopigwa pasi, na kwapani alikuwa na kifurushi cha kumtumia mamake huko Mwingi. Aliinama, akausimamisha mtungi, akaupapasa shingoni kama daktari anayepapasa koo la mgonjwa.

"Siste, umetoka Pwani kuja kutafuta hewa Nairobi?" aliuliza bila kutabasamu. "Hata sisi wenyewe haitutoshi."

Nabiswa alicheka hata hasira ikamtoka. "Napeleka kwa watu wanaopima mitungi, Industrial Area."

"Basi umefika. Anayepima ni mimi. Naitwa Nyamai."

Wiki hiyo Nabiswa alilala kwa mamake Makadara, na kila jioni Nyamai alimpitia. Walitembea hadi maduka ya Buruburu wakila chipsi kwenye karatasi, naye Nabiswa akimsimulia mambo ya chini ya maji. Alimweleza kuhusu kasa anayerudi kutaga ufukoni alikozaliwa, na pweza anayebadilika rangi akikasirika.

"Na pono?" Nyamai aliuliza. "Marehemu nyanya alikuwa akisema nalala kama pono. Mimi hata sijawahi kumwona."

"Ni samaki wa rangi rangi, anatafuna matumbawe. Akitaka kulala anajitengenezea mfuko wa ute, anajifungia humo mpaka asubuhi."

"Kama chandarua?"

"Kama chandarua, baba."

Akizungumza hivyo macho yake yaling'aa, na Nyamai alimpenda kwa macho hayo. Lakini moyoni aliogopa. Kakake mkubwa alikuwa amezolewa na maji ya Mto Tana, na tangu hapo hakuna maji yaliyomvuka magoti.

Nabiswa aliporudi Watamu, penzi lilihamia kwenye simu. Kila Jumapili Nyamai alipanga foleni penye kibanda cha simu, sarafu zikimlia mfukoni.

"Umeamkaje, pono wangu?"

"Pono ni wewe unayelala mpaka jua la utosi. Kanisani ulienda?"

"Nilienda. Nikakuombea usizame leo."

"Nimeshazama mara mbili, mpenzi. Na nimeibuka."

Wakacheka wote, lakini kicheko cha Nyamai kilikuwa kifupi.

Mwezi wa nane Nabiswa alikuja likizo. Nyamai alimpeleka kwenye hoteli ndogo ya Jogoo Road, akaagiza chai, kisha akasema kile alichokuwa amekibeba.

"Nataka kukuoa, Nabi. Nimekutafutia kazi ya ofisini hapa Industrial Area. Acha bahari. Siwezi kuoa mtu ninayemngoja kila siku atoke chini ya maji."

Nabiswa alisukuma kikombe kando. "Basi unataka kuoa mtu mwingine. Mimi nikitolewa baharini, atakayebaki humjui."

Hawakugombana. Waliagana kwa mkono, kama watu wa ofisi moja.

Baada ya mvua za vuli kuanza, kampuni ilituma mitungi sita kwa basi ikapimwe Nairobi. Ulikuwa msimu wa papa shilingi, samaki mkubwa kuliko basi na mpole kuliko ng'ombe, na Nabiswa aliusubiri msimu huo mwaka mzima. Mitungi iliporudi, minne ilikuwa imetobolewa tundu ubavuni, alama kwamba haifai kutumika tena. Karatasi yenye sahihi ya Nyamai ilisema kuna ufa shingoni.

Bosi alichungulia kwa tochi na kioo kidogo, hakuona kitu. Nabiswa naye akachungulia, hakuona kitu. Ndipo akatamka maneno aliyoyajutia baadaye: "Huyo mtu anataka niache bahari."

Bosi akapiga simu Nairobi kulalamika. Na kwa kuwa mitungi iliyobaki haikutosha kuhudumia wageni, akamwachisha kazi Kitsao, mzamiaji aliyemfundisha Nabiswa kila alichojua, hata kuishikilia pumzi asimshtue kasa.

Nabiswa alimpigia Nyamai kazini. "Umefurahi sasa? Umenitobolea maisha!"

"Nabi, nisikilize. Ile mitungi ina ufa. Mwembamba kama unywele, lakini upo."

"Ufa uko moyoni mwako!"

"Ningekudanganya kwa jambo linaloweza kukuua?"

"Ulitaka niache, Nyamai. Ulisema kwa mdomo wako." Akakata simu. Nyamai alipopiga Jumapili, aliambiwa hayupo. Nabiswa alikuwa amesimama papo hapo, akisikiliza.

Kitsao alipata kibarua kwa kampuni jirani. Mitungi yao ilikuwa imenunuliwa pamoja na ile minne, toka meli moja. Asubuhi moja, akiujaza mtungi hewa, ulipasuka. Kishindo kilisikika mpaka sokoni. Kitsao hakufika hospitalini.

Baada ya mazishi, fundi wa kampuni ile alimwonyesha Nabiswa kipande cha shingo ya mtungi. Sehemu moja ya mpasuko iling'aa, ndiyo iliyovunjika siku ile. Nyingine ilikuwa nyeusi kwa ukuukuu.

"Hapa ufa ulikuwepo zamani," fundi alisema. "Sisi hatukupeleka yetu ipimwe."

Nabiswa alikishika kipande kile. Mitungi minne iliyotobolewa ilikuwa ya zamu yake. Yeye ndiye aliyekuwa akiijaza.

Alipanda basi kwenda Nairobi. Kwenye karakana ya kupimia mitungi, askari wa langoni alitikisa kichwa. "Nyamai alifutwa. Wateja walilalamika kwamba anaharibu mitungi yao makusudi. Mtafute mtaa wa Huruma, anachomelea madirisha kando ya barabara."

Alimkuta kwenye kelele za redio na moshi wa mahindi ya kuchoma, ameinama juu ya fremu ya dirisha. Ovaroli ilikuwa ile ile ya bluu, sasa imetobokatoboka kwa cheche. Nabiswa alivaa gauni jeusi na kitambaa cheusi kichwani. Nyamai aliivua miwani ya kuchomelea, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Ni nani amefariki?"

"Kitsao. Mtungi ulimpasukia. Nilichungulia, Nyamai, sikuona ufa. Nikasema maneno yaliyokufukuzisha kazi. Sijui nikuombeje msamaha."

Nyamai aliiweka miwani juu ya fremu. "Niliumia," alisema. "Si kazi. Niliumia kwamba ulidhani naweza. Ingawa, nilipouona ule ufa, kwanza nilifurahi. Nikasema, sasa atatoka majini. Ndipo nikapima mara tatu zaidi, nihakikishe si mimi ninayetaka kuuona."

"Mimi nitarudi baharini," Nabiswa alisema. "Sikuja kukudanganya."

"Najua. Na mimi nitaogopa."

"Ogopa. Ila uendelee kuniambia ukweli, hata nikikutukana."

"Na wewe?"

"Nitakusikiliza kabla hajafa mtu."

Mteja mwenye dirisha alisogea, akauliza kazi yake itakwisha lini. Nyamai akamwomba asubiri kidogo. Aliifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole, kama anayejiandaa kupeana mkono na wazee.

"Mamako huwa nyumbani saa ngapi Jumapili?"

Nabiswa alimwelewa. Msichana yeyote angemwelewa. "Baada ya kanisa," alijibu. "Uje na wazee wako."

Akakaa kwenye kigoda kando ya vyuma, akajifunika uso kwa viganja, na kwa mara ya kwanza tangu wamzike Kitsao, akalia. Nyamai alichuchumaa mbele yake, akamshika magoti, akamwacha alie.