Swali la Kumi na Nne

Mashine ya namba katika ofisi ya ustawi wa jamii iligoma kwenye arobaini na moja, na Sindano alikuwa ameshika arobaini na saba. Watu sita tu mbele yake, lakini kwa jinsi kile kioo kilivyoganda wangeweza kuwa mia sita. Ukumbi ulikuwa umejaa pomoni, wazee wameegemea ukuta, feni moja inazungusha joto lile lile. Sindano aligusa ufunguo uliokuwa ukining'inia shingoni mwake, ndani ya blauzi ya kijani aliyoishona mwenyewe, akatazama saa ya ukutani. Alikuwa amebakiwa na dakika hamsini za kurudi nyumbani. Nyuma ya mlango wa ufunguo huo, shangazi yake alikuwa peke yake.

Mwanamume mmoja mrefu, mwembamba, shati lake la bluu limepauka mabegani, akainuka bila kutumwa na mtu. Akatoa bisibisi mfukoni, akaifungua ile mashine mgongoni, akachokonoa. Mashine ikalia, namba ikaruka kutoka arobaini na moja mpaka hamsini na nane.

"We kaka," Sindano akasema, "umeshanirukisha."

"Nimeitengeneza, dada."

"Umeitengenezea namba yako. Hebu tuone unayo ngapi."

Yule bwana akafungua kiganja. Hamsini na tisa. Watu waliokuwa karibu wakaangua kicheko, naye akaona haya waziwazi.

"Basi shika wewe," akampa. "Mimi nitangoja iharibike tena."

Dirishani Sindano aliambiwa yale yale aliyokwisha kuambiwa mara tatu: hakuna wahudumu wa kutosha, aandike jina, asubiri. Aliporudi, yule bwana alikuwa amemwekea nafasi kwenye benchi.

"Wamesemaje?"

"Nisubiri."

"Unasubiri nini hasa?"

Kwa kuwa alikuwa mtu baki ambaye hatamwona tena, Sindano alimweleza kila kitu. Shangazi ndiye aliyemlea. Alikuwa mkunga, na mpaka kustaafu kwake nusu ya mji ilikuwa imepita mikononi mwake. Sasa akili ilikuwa inamtoka kidogo kidogo. Kila siku anavaa gauni jeupe na kutoka kwenda kazini, hospitali ambayo haimtegemei tena. Siku moja alikutwa katikati ya barabara kuu, magari yanampigia honi, yeye anauliza wodi ya leba iko wapi. Tangu hapo Sindano alifunga mlango, hata akiwa ndani mwenyewe, maana akiinama tu kwenye cherehani shangazi yuko nje. Karakana ya nguo aliyokuwa akifanyia kazi aliiacha. Wateja walimfuata nyumbani, na hao ndio waliompa jina la Sindano, nusu kwa kazi yake na nusu kwa ulimi wake.

"Ninamfungia yeye," alimaliza, "lakini ufunguo ninauvaa mimi."

Yule bwana hakumpa pole. Alitoa kwenye mkoba kitu bapa, chepesi, chenye ukubwa wa soli ya kiatu. "Hiki kinakaa chini ya zulia la mlangoni. Akikikanyaga, simu yako inalia popote ulipo. Huhitaji kufunga."

Aliitwa Waya, fundi wa redio na simu. Serikali ilikuwa imefungua mfuko wa fedha kwa watu wenye vifaa vya kuwasaidia watu wazima wasioweza kuachwa peke yao. Ombi likikubaliwa, kaya thelathini zingepata kifaa, na kila kaya mhudumu wa kushinda nyumbani alasiri tatu kwa wiki. Fomu ilitaka itajwe kaya ya kwanza ya majaribio.

"Umeshaipata?" Sindano akauliza.

"Dakika tano zilizopita, ukikubali."

Alikubali. Nani angekataa?

Alasiri iliyofuata Waya alikuja na mkoba wake, akapiga magoti mlangoni. Shangazi alitoka chumbani na gauni jeupe, kola imesimama kwa wanga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Dereva, umechelewa. Gari liko wapi?"

"Linatiwa mafuta, Sista," Waya akajibu bila kupepesa. "Likiwa tayari nitakuita."

Shangazi akaridhika, akaketi. Sindano, aliyezoea kubishana naye kila siku mpaka wote wawili walie, alimtazama yule mtu kwa jicho jipya.

Kifaa kilikaa siku tisa. Siku tisa hizo mlango haukufungwa. Sindano alianika nguo uani peke yake, akasimama tu kwenye jua, hana hili wala lile, simu mfukoni. Ikilia, mara nyingi haikuwa zulia.

"Shangazi kakanyaga?" Waya aliuliza.

"Hapana, amelala. Unataka nini?"

"Ninafanya majaribio. Fomu inataka nijue kama simu ya mlezi inapokelewa haraka."

"Na imepokelewa haraka?"

"Mlio mmoja. Nitaandika mlezi ana hamu."

"Andika fundi ana uongo mwingi."

Siku ya nane, wakinywa chai, akamwambia anampenda. Alilisema kama mtu anayesoma kipimo cha mita, kisha akaanza kutafuta kifuniko cha sukari. Sindano akamshika mkono, akamwambia kifuniko kiko mbele yake, laazizi. Ndivyo alivyojibu, na Waya alielewa, maana alitabasamu mpaka chai ikapoa.

Siku ya tisa alileta fomu, kurasa ishirini na mbili. Kifaa nacho kilitakiwa kiambatanishwe, wakaguzi wakione. Sindano alitia sahihi kwenye nafasi ya mkuu wa kaya bila kusoma, kwa kuwa alimwamini, akabaki na nakala. Waya alipoondoka na kifaa, Sindano alizungusha ufunguo, akauvaa tena. Ulikuwa baridi kifuani.

Jioni alikaa kuisoma ile nakala, fahari imemjaa. Akafika ukurasa wa kumi na moja. Swali la kumi na nne: Je, mwombaji ana uhusiano wa ndoa, wa kindugu au wa kimapenzi na mtu yeyote katika kaya ya majaribio? Kulikuwa na visanduku viwili. Waya alikuwa ametia alama kwenye Hapana, kwa wino mzito, alama ya mtu asiyesita.

Alirudia kusoma kana kwamba herufi zingebadilika. Kumbe yale ya kifuniko cha sukari yalikuwa ya kutafutia sahihi. Waya alihitaji kaya, akaipata, mwenye nyumba akawa nyongeza.

Simu ililia siku hiyo, na ya pili, na ya tatu. Hakupokea. Siku ya nne Waya alikuja mwenyewe, akabisha.

"Ufunguo umepotea," Sindano akasema kutoka ndani.

"Umeuvaa, mpenzi."

"Mpenzi wa nani? Nimesoma la kumi na nne."

Kisha sauti yake ikaja ya chini, karibu kabisa na kitasa. "Wanaoandika Ndiyo, kaya yao inaondolewa. Ni sheria yao, wanaogopa upendeleo. Nimeandika Hapana ili mlango huu ufunguke."

"Ungeniuliza."

"Ungesemaje?"

"Umenikana kwa maandishi, Waya. Na mimi mjinga nikaweka sahihi chini yake. Wakikupa, itakuwaje? Wakaguzi watakuja?"

"Kila mwezi. Kwa miaka miwili."

"Na hiyo miaka miwili mimi nitakuwa nani kwako? Mteja?"

"Miaka miwili tu, roho yangu."

"Miwili tu, anasema." Aliegemeza paji la uso kwenye mbao. Alimtaka aingie, na hakutaka kumfungulia, na vyote viwili vilikuwa vya kweli. Nyuma yake shangazi alikuwa ameshavaa kiatu kimoja. "Ni dereva huyo?" aliuliza. "Mbona humfungulii? Watu wanajifungua huko."

Wiki tatu zikapita, na barua ikaja: wote wawili wanaitwa mbele ya kamati. Kikao kingeweza kuchukua siku nzima na hakukuwa na mtu wa kumwachia shangazi, kwa hiyo Sindano akaenda naye. Shangazi alivaa gauni jeupe kwa furaha isiyo kifani. Kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi, alikuwa anakwenda zamu na hakuna anayemzuia.

Chumba kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji, wajumbe watatu. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kwa kamba, msomaji wa kila mstari. Kifaa kilikuwa mbele yake. Waya alikuwa amevaa koti la kuazima lililomfupia mikono. Alimsalimu Sindano kama mtu anayesalimia karani, na Sindano akaitikia hivyo hivyo.

Maswali yalikwenda vizuri. Betri inakaa siku ngapi, simu ikikosa mtandao je. Shangazi alisinzia. Mwenyekiti alivua miwani.

"Kazi nzuri. Tumeridhika. Kilichobaki ni utaratibu tu. Majibu yote yaliyomo humu ni ya kweli?"

Waya alimgeukia Sindano, na Sindano akajua anachotaka kufanya.

Wiki tatu nzima alikuwa amelala na kuamka akilitaka neno moja tu. Sasa neno hilo lilikuwa mdomoni mwa Waya, na yeye akaona jua la uani, nguo zinapepea, mlango ambao haufungwi. Akaona alasiri tatu kwa wiki. Chini ya meza akamkanyaga mguu. Akamkanyaga kwa nguvu zote, na macho yake yakasema nyamaza.

"La kumi na nne si kweli," Waya akasema. "Huyu ninampenda. Nilimpenda kabla sijajaza fomu."

Mwenyekiti akamtazama, akamtazama na Sindano. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alichukua kalamu, akakata mstari mmoja kwa rula. "Kaya ishirini na tisa," akasema. "Mradi utaendelea kwa sababu umesema mwenyewe. Lakini kaya hii haiwezi kupata."

"Nikimtengenezea kwa fedha zangu?"

"Muundo wa kifaa hiki ni mali ya mfuko kwa miaka miwili. Hata waya wake. Pole, mama," akamwambia Sindano, na ilikuwa pole ya kweli.

Kwenye korido, Sindano alimshikilia shangazi mkono.

"Nilikukanyaga," akasema.

"Nilisikia."

"Basi ulipaswa kunyamaza."

"Ulininunia wiki tatu kwa sababu ya Hapana."

"Nilinuna. Sasa nimefungiwa kwa Ndiyo. Ishirini na tisa watakaa mlango wazi, Waya, na wewe ndiye utakayewafungulia, nyumba kwa nyumba. Mimi narudi kuzungusha ufunguo." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Na ubaya wake, nimefurahi ulivyosema. Sijui nikuchukie kwa lipi."

Hakumngoja ajibu. Shangazi alikuwa anavuta kuelekea mlango usio wao.

Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, mlango ukabishwa. Sindano alifungua kwa ghadhabu ya kazi, sindano mbili zikiwa mdomoni, akamkuta Waya amebeba meza. Meza yake ya ufundi, yenye alama za kuungua. Nyuma yake mkokoteni ulikuwa na redio saba na sanduku la vyuma.

"Hii nini?"

"Nimeisoma ile sheria usiku na mchana. Inakataza kifaa. Inakataza mhudumu wa mfuko." Aliiweka meza chini, akahema. "Haikatazi mume."

Sindano alitoa zile sindano mdomoni, asije akazimeza.

"Asubuhi nitakuwa mitaani kwenye zile kaya," Waya akaendelea, haraka, kabla ujasiri haujamtoka. "Kila siku saa nane nitakuwa hapa, natengeneza redio dirishani kwako. Saa nane mpaka saa kumi na mbili wewe si wa nyumba hii. Nenda karakana, nenda popote. Tugawane zamu. Si uhuru, najua. Ni nusu. Leo Jumamosi, tunaweza kuanza sasa hivi."

"Unakuja kufungwa."

"Ninakuja kufungwa na wewe. Ndoa nyingine zikoje?"

Shangazi akatokea na gauni jeupe, mkoba mkononi. Alimwangalia Waya kwa muda mrefu, na Sindano akangoja gari, mafuta, leba.

"Umekuja kunipokea?" shangazi akauliza.

"Ndiyo, Sista. Zamu yako nimeichukua mimi. Pumzika."

Shangazi akashusha mkoba. Mabega yake yakashuka nao. Akaketi kwenye kiti cha pembeni, akavua viatu mwenyewe, akavipanga. "Wamechelewa kweli kuleta mtu," akasema.

Sindano hakusema ndiyo wala hapana. Alivua ufunguo shingoni, ukanasa kwenye nywele, akaunasua, akauweka kiganjani mwa Waya. Kisha akatoka jinsi alivyokuwa, na blauzi ya kijani na ndara za ndani. Nyuma yake akasikia kufuli ikizunguka. Sauti ile aliijua kuliko sauti yake mwenyewe, ila hakuwahi kuisikia ikitoka mkononi mwa mtu mwingine.

Alitembea mpaka mwisho wa mtaa, akapita duka la nyuzi, akapita kituo cha polisi, miguu yake ikishangaa. Hapo akatoa simu.

"Naam, roho yangu," Waya akapokea, mlio mmoja. "Umesahau nini?"

"Hujanisomea swali."

"Swali gani?"

"Unalijua."

Upande wa pili redio moja ilikuwa inakoroma. Waya akaizima. "Je," akasoma polepole, kwa sauti ya karani, "mwombaji ana uhusiano wa ndoa, wa kindugu au wa kimapenzi na mtu yeyote katika kaya hii?"

Sindano aligusa kifua, pale ufunguo ulipokuwa ukikaa. Ngozi ilikuwa na alama yake bado.

"Andika Ndiyo," akasema. "Wa ndoa. Na wino mzito, Waya, kama ule."