Mtoto wa Mama Kwikwi

Muuguzi alipomwona fundi cherehani akiingia zahanati na mwanawe mchanga, alitabasamu. Wiki iliyopita mama huyo alikuja mbio kwa sababu mtoto alikuwa na kwikwi. Wauguzi walicheka mpaka machozi yakawatoka. Tangu siku hiyo walimwita Mama Kwikwi.

"Karibu, Mama Kwikwi. Leo amepiga chafya?"

"Dada, leo hanyonyi. Amelala tu tangu alfajiri."

"Si umshukuru Mungu? Wenzako wanautafuta huo usingizi."

"Na miguu yake ni ya baridi."

"Mvua imenyesha, mama. Hata mimi miguu imepoa. Hiyo ni hofu ya uzazi wa kwanza. Nenda kapumzike."

Muuguzi hakumfunua mtoto. Kipimajoto kilibaki mfukoni mwake.

Jioni fundi alirudi na mumewe. Mtoto alikuwa amelegea kama kitambaa kilicholowa. Safari hii alipokelewa na daktari.

"Maambukizi yameingia kwenye damu, na nahofia yamefika kwenye ubongo," alisema baada ya kumpima. "Mtoto mchanga akikataa kunyonya, akilala kupita kiasi, akiwa wa baridi au wa moto, ni wa kuwahishwa. Asubuhi alipimwa nini?"

Muuguzi aliinamisha kichwa. "Sikumpima, daktari. Nilimwona mama yake, nikakumbuka ile kwikwi."

"Akili ndivyo ilivyo. Ikishapata jibu la kwanza, haitafuti la pili. Hata mimi imeshanidanganya."

Mtoto alipelekwa hospitali usiku ule, akapona, lakini sikio lake la kushoto halisikii tena.

Muuguzi alikwenda huko hospitali, wodini, kuomba radhi.

"Nilikuambia, dada," fundi alisema polepole. "Nilikuambia hanyonyi."

Maji yakimwagika hayazoleki.

Siku hizi pale zahanati hakuna mama anayepewa jina la utani. Mtoto hufunuliwa, hupimwa joto, hutazamwa akinyonya. Kisha muuguzi hujiuliza: "Kama siyo hili ninalodhani, ni nini kingine?" Mwezi uliopita mama mmoja mwenye maswali mengi alirudi mara ya tatu, na mtoto aliyelala mno. Hakuna aliyecheka. Mtoto aliwahishwa hospitali, akapona, na masikio yake yote mawili yanasikia.

Fundi bado huleta mwanawe kwa chanjo. Muuguzi humsalimu mtoto kwa upande wa kulia, kwa jina lake. Kisha huvuta kiti karibu na mama.

"Haya, mama yangu. Nieleze ulichokiona."