Waya ya Nane

Kila siku shule ilipofungwa, Sindano hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kiwanda cha magodoro kuchukua ufunguo wa chumba chao, kwa sababu ufunguo ulikuwa mmoja tu na mama yake aliuvaa shingoni kwa kamba. Jina la Sindano alipewa kwa wembamba wake, ingawa wapo waliosema ni kwa ulimi wake mkali. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kiwanda kile alikijua kama mfuko wa sare yake.

Mama yake alikuwa mfungua marobota. Pamba ilifika pale imeshindiliwa mpaka ikawa ngumu kama ukuta, robota moja likiwa na uzito wa watu watatu, tena wenye vitambi. Kila robota lilifungwa kwa waya nane. Mama alilishusha kwa winchi ya mnyororo, akazikata waya kwa mkasi wa chuma, akazitundika kwenye msumari ukutani na kuzihesabu. Baada ya hapo aliimenya pamba tabaka kwa tabaka na kuilaza juu ya mkanda, nao mkanda uliipeleka kwa Bi Meno.

Bi Meno hakuwa mtu. Alikuwa mashine: pipa la chuma lililojaa meno, lililozunguka kwa kasi na kuichambua pamba hadi ikawa nyepesi kama povu la sabuni. Bomba nene liliinyonya pamba hiyo na kuipeleka chumba cha pili, walikoitandaza kwa ajili ya magodoro.

Juu ya ule msumari paliandikwa kwa rangi nyekundu: WAYA NANE UKUTANI, NDIPO MASHINE IWAKE. Sheria ya pili haikuandikwa, lakini kila mfanyakazi aliijua: waya haziondoki msumarini mpaka robota lote liishe. Chuma kikiingia kwenye meno ya Bi Meno hutoa cheche, na pamba iliyochambuliwa haingoji cheche ya pili.

Sasa, Sindano alikuwa na shida yake mwenyewe. Kila Jumanne na Ijumaa wanafunzi walipeleka maji shuleni ya kudekia darasa. Ndoo yake ilikuwa imekatika mshikio, kwa hiyo aliibeba kwa kuikumbatia, na alipofika kifua kizima cha sare kilikuwa kimelowa. Wenzake walimsubiri mlangoni.

"Mbebe vizuri mama wee, mtoto amekukojolea!"

"Mnyonyeshe basi anyamaze!"

Sindano aliwajibu, na ulimi anao, lakini sare yenye maji haina hoja.

Jumatatu moja alifika kiwandani wakati kengele ya chai inalia. Mashine ilizimwa, robota likiwa limebaki nusu. Mama akamvalisha ufunguo shingoni.

"Nenda nyumbani. Usisimame njiani kama nguzo ya umeme."

Mama akaenda kunawa, na wengine wakatoka kwenda uani. Sindano akabaki peke yake. Ukutani waya zilining'inia, nene kiasi cha kutosha, zinapinda bila kukatika. Akaziangalia. Akaangalia mlango. Robota likiisha si zinatupwa kwenye vyuma chakavu? Waya moja nani ataililia? Akavuka mstari wa njano uliochorwa sakafuni, mstari ambao hakuruhusiwa kuuvuka, akachomoa waya moja, akaikunja na kuisukumiza katikati ya madaftari.

Jioni ile aliipitisha waya kwenye matundu mawili ya ndoo, akakaza ncha zake, akaizungushia vitambaa vya shuka kuukuu isimuumize mkono. Mshikio ukatokea mzuri kuliko wa dukani. Mama aliporudi, uso ulikuwa umefungwa. Hakuiona ndoo, na chakula hakukigusa.

"Mama, kuna nini?"

"Lala."

Kesho yake Sindano aliingia shuleni ndoo inabembea mkononi na sare kavu. Wale wa mlangoni walitazamana. Mmoja akauliza, "Nani kakutengenezea?"

"Mimi mwenyewe," akasema, na siku nzima alitembea kama mwenye shule.

Alasiri akaelekea kiwandani na ndoo yake. Kwa kawaida mngurumo wa Bi Meno ulisikika tangu kwenye kona ya barabara. Siku hiyo palikuwa kimya. Ndani, mashine ilikuwa imefunguliwa mfuniko, na fundi wao, Mzee Spana, alikuwa amezama humo hadi kiunoni. Wafanyakazi wa chumba cha pili walijipanga ukutani, mikono kifuani. Mama alisimama peke yake karibu na msumari, na hakuna aliyemsogelea, utadhani ana upele.

"Nilihesabu nane," mama alikuwa akisema. "Nimesema tangu jana. Nane."

"Nane zako!" akapayuka mwanamke mnene waliyemwita Bi Tarumbeta. "Na msumarini ziko saba. Hiyo nyingine imeota miguu?"

"Imekwenda sokoni," mwingine akadakia.

Wakacheka kicheko kibaya. Kutokana na maneno yao Sindano alielewa yote. Jana, baada ya chai, waliwasha bila kuhesabu upya, na Bi Meno akagonga ndani kwa sauti, kwa! kwa! kwa! Wakamzima. Msimamizi akahesabu waya, akapata saba. Basi kila mtu akaamini kwamba mama aliipitisha waya ndani ya pamba, na tangu saa hiyo kazi ilikuwa imesimama. Watu ishirini na wawili wanakaa bure, wote wanamwangalia mtu mmoja.

Msimamizi, mtu mfupi mwenye kalamu sikioni, akapiga teke boksi tupu.

"Mzee Spana! Umepata?"

Kichwa cha fundi kikatoka, nyusi zimejaa pamba. "Nimepekua meno yote. Bomba nimelifungua. Hakuna waya."

"Basi ilishapita ikaenda zake. Funga mfuniko, tunawasha."

"Huwashi mashine hii kabla hatujajua kilichogonga. Ukitaka kutuchoma, sema tuvae viatu kwanza."

"Nimesema funga! Siwezi kulisha watu hawa kwa kimya." Akamgeukia mama. "Na wewe, vua aproni uiache mezani. Kazi ya kuhesabu mpaka nane imekushinda. Tena bora ungekiri. Uzembe ningeuvumilia, uongo hapana."

"Mimi si mwongo," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Bi Tarumbeta aliguna tu, guno refu.

Mama akaanza kufungua aproni. Kamba ya ufunguo ikanasa kwenye mkanda wa aproni, akahangaika nayo. Alipoinasua, akamwona binti yake mlangoni, akamnyooshea ufunguo.

"Chukua, mwanangu. Nenda nyumbani, usisimame hapa."

Sindano akanyoosha mkono kuupokea. Mkono ule ndio ulioshika ndoo. Ikabidi aihamishe, na alipoihamisha aliona vile vitambaa alivyozungusha kwa ustadi, vikaonekana kwake kama bandeji juu ya kidonda kinachonuka. Nyuma ya mama, Mzee Spana alikuwa ananyanyua mfuniko huku anatukana chini chini, na msimamizi tayari alikuwa ameushika mkono wa swichi.

"Waya haimo," Sindano akasema.

Hakuna aliyemsikia. Akainua ndoo akaipiga sakafuni, ngoo!

"Waya haimo ndani! Ninayo mimi!"

Akachuchumaa akaanza kuvivuta vitambaa. Fundo likakataa, akalikata kwa meno. Waya ikajitokeza, nyeusi, imepinda. Msimamizi alimpokonya ndoo, akaichomoa waya, akaiweka sambamba na zile saba. Unene ule ule, ncha zimekatwa kwa mkasi ule ule. Nane.

"Lini?" akauliza.

"Jana. Wakati wa chai."

"Siku nzima!" msimamizi akapiga kelele mpaka kalamu ikaanguka. "Watu ishirini na wawili! Kwa mshikio wa ndoo!"

"Mwizi huyo!" Bi Tarumbeta akapokea. "Kwanza huyo mtoto ana macho ya kuzurura, mimi nilisema!"

"Mtoeni nje!"

"Watoke wote wawili, mama na mwana!"

Sindano alimtazama mama. Kelele zile zote hazikumuuma kama uso ule. Mama hakukasirika wala hakulia. Alimtazama kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chake akakuta ndani wanakaa wageni.

"Tulieni!" Mzee Spana aliangusha mfuniko chini, kishindo kikawanyamazisha. "Hebu nisaidieni akili. Waya zilikuwa nane, na zote nane ziko hapa. Sasa jana kilichogonga ni nini?"

Fundi hakungoja jibu. Alijitupa tena ndani ya mashine, lakini safari hii hakupekua meno kutafuta kilichonasa. Alishika ubao wa meno mmoja baada ya mwingine, kwa maana meno yale yalikaa kwenye mbao za chuma, na akautikisa kila mmoja kwa mikono yote miwili. Wa kwanza ukakaa imara. Wa pili, wa tatu, wa nne. Wa tano ukalia, kwa! kwa!

Akatoka taratibu, jasho likimchuruzika kwenye pamba ya usoni.

"Ubao mrefu kama mkono wangu," akasema. "Unashikwa na bolti nne. Tatu zimekatika. Tangu jana natafuta kilichoingia, kumbe kuna kinachotaka kutoka. Tungewasha, ungechomoka wote."

"Ungekwenda wapi?" mtu akauliza.

Mzee Spana akapima kwa jicho, akanyoosha kidole. Kilimwelekea Bi Tarumbeta. Bi Tarumbeta akaishusha mikono kutoka kifuani na kusogea hatua mbili pembeni, bila tarumbeta.

Msimamizi aliondoa mkono wake kwenye swichi kama vile imemchoma. Akaokota kalamu. Akairudisha sikioni. Mwishowe akamsukumia mama ile aproni.

"Vaa. Fundi akibadilisha bolti, kuna kazi."

"Sivai," mama akasema.

"Nini?"

"Jana nilisema nane. Mbele ya watu hawa umeniita mwongo. Sema mbele ya watu hawa hawa."

Msimamizi akakohoa, akatazama dari. "Zilikuwa nane."

"Sijasikia."

"Nane! Zilikuwa nane!"

Mama akavaa aproni, akaikaza kiunoni, akaitundika waya ya nane mahali pake. Jioni walitoka getini pamoja, Sindano akiwa amekumbatia ndoo isiyo na mshikio.

"Unadhani nimeumia kwa sababu ya waya?" mama akauliza bila kupunguza mwendo. "Waya ni chuma tu. Mimi nilikuwa nasema kweli, na kila mtu ananiona mwongo, na ushahidi wa kweli yangu uko nyumbani kwangu, umevalishwa vitambaa. Ukichukua kitu bila kuomba, huchukui hicho peke yake. Unachukua na heshima ya mtu mwingine, na humjui ni nani mpaka umwone anavuliwa aproni."

"Nisamehe, mama."

"Nimesikia." Wakatembea kidogo. "Ulipopiga ndoo sakafuni ulikuwa unaogopa?"

"Sana."

"Vizuri. Ungekaa kimya dakika moja tu, ungekuja kututambua kwa viatu. Kweli iliyochelewa siku nzima imetuponza, lakini imefika kabla ya swichi. Siku nyingine ifike asubuhi."

Adhabu haikukosekana. Kuanzia siku hiyo Sindano hakuruhusiwa kupita geti. Alisubiri ufunguo nje, juani, na Bi Tarumbeta kila alipopita alikumbatia mkoba wake kwa makusudi. Ijumaa alipeleka maji shuleni kwa kuikumbatia ndoo. "Mtoto amerudi kukojoa!" wakashangilia mlangoni. Safari hii hakujibu kitu. Alideki darasa na sare yake ikakaukia mwilini.

Alasiri hiyo, lile robota likawa limeisha. Akiwa nje ya geti, Sindano alimwona msimamizi akipita uani, akamwita.

"Shikamoo. Naomba waya moja, ya mshikio wa ndoo."

Msimamizi alimkazia macho. Hakuitikia ile shikamoo. Akaingia ndani, akarudi na fungu la waya, mama akimfuata nyuma na ufunguo.

"Hesabu."

Sindano akahesabu kwa sauti, akigusa moja moja, mpaka nane.

"Chukua. Nikikuona ndani ya mstari wa njano, nitakutundika wewe." Akaondoka zake na fungu lake.

Mama akamvalisha binti yake ufunguo. Alikuwa bado hajacheka tangu Jumatatu, na hapo pia hakucheka vizuri, ilikuwa pembe moja tu ya mdomo.

"Amebaki na ngapi?" akauliza.

"Saba, mama. Na moja ninayo mimi."