Kodi ya Vyumba Vitupu

Kila asubuhi Bi Sindano, fundi cherehani, alifagia vyumba vyake vyote, ingawa alilala katika kimoja tu. Mumewe alifariki. Watoto walikua, wakaenda zao. Lakini mbele ya kila mlango aliacha jozi ya viatu vyao, na kila dirisha lilikuwa na pazia safi. Hakutaka watu wajue kuwa yuko peke yake. Kisa nini? Aibu tu, jamani. Aibu na uchungu.

Siku moja akaletewa ilani ya kodi ya jengo. Lo! Imepanda mara mbili.

"Cherehani haiwezi kulipa hii," alimwambia jirani yake, Mama Pacha. "Nyumba nitaiuza."

"Uuze nyumba kwa karatasi moja? Hebu nione. Hata mimi mwaka jana walinikadiria vibaya." Mama Pacha alisoma, akaangua kicheko. "Dada, wameandika hii ni nyumba ya kupangisha!"

"Wapangaji gani?"

"Si hao wenye viatu! Mkadiriaji wa kodi kapita tu hapo nje, kaona viatu kila mlango. Hata mimi nilidhani una wageni."

Machozi yakamtoka Bi Sindano. Mama Pacha akaacha kucheka.

"Pole, dada. Sikujua kuwa uko peke yako. Sasa sikiliza, usikae kimya. Nyuma ya ilani wameandika siku ya mwisho ya kupinga. Peleka barua ya pingamizi mapema, uombe waje wakague ndani. Dai nakala yenye muhuri. Uliza pia kama kuna nafuu ya wajane, na kama unatakiwa kulipa chochote wakati unasubiri."

Akafanya hivyo. Mkadiriaji akaja, akafungua mlango mmoja baada ya mwingine. Vitanda vimetandikwa vizuri, hakuna mtu.

"Mama, nani anakaa humu?"

Bi Sindano alitaka kusema wamesafiri.

"Hakuna mtu," akasema. "Nimebaki mimi tu."

Baada ya muda ikaja ilani mpya: nyumba ya kuishi mwenyewe. Kodi imeshuka, anaimudu. Aliisoma kwa sauti, akageuka amwambie mtu. Kimya. Akatoka, akaenda kwa jirani.

"Hodi!"

"Karibu! Wamekubali?"

"Wamekubali. Siuzi tena." Akabaki amesimama mlangoni. "Chakula kipo nyumbani, Mama Pacha. Ila nimechoka kula peke yangu."

Mama Pacha akamvutia kiti.