Zuhura Alinisomesha Habari za Walowezi, Akanitoa Kwangu

Nina miaka hamsini na mbili. Kwetu Wete, Pemba, lakini leo nakaa chumba cha kupanga Croydon, jiko tunachangia na watu nisiowajua hata majina. Skuli niliishia darasa la nne, nikikosea mnistahamilie. Majina nawatajia, sifichi!

Mume wangu ni Saleh. Alinioa hapa hapa London, sebuleni kwa ami yake, mbele ya sheikh na mashahidi. Jirani alituambia tukaandikishe na serikalini. Saleh akacheka: "Kwani Mungu anataka muhuri wa Malkia?"

Nami nikacheka... Nikaha si ndoa? Ya kizungu ya nini tena?

Tukapata nyumba ya kaunsili, zile za serikali ya mtaa, huko Walthamstow, kwa jina lake. Mungu hakutujaalia mtoto, lakini tuliishi kwa masikilizano. Baadaye tukataka uraia. Kuna mtihani wa mambo ya Uingereza, Saleh akapasi mara moja. Mimi nikafeli, nikafeli tena.

Ndipo alipokuja Zuhura, binti wa mama yangu mdogo, kutoka Unguja, kusoma chuo. Hana pa kulala. Nikampa chumba, nikampa na koti langu la baridi. Akaniambia, "Dada, nitakusomesha mpaka upasi."

Nikitoka kazini kuogesha wazee wa watu, ananikalisha mezani. Siku moja tulisoma habari za Waingereza wa mwanzo waliovuka bahari kwenda kuweka makaazi Amerika. Walifika wakashikwa na njaa, wakafa kama kuku. Wenyeji wakawapa mahindi, wakawaonyesha na kulima.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu wakashiba, wakaizungushia ardhi ua," akasema Zuhura.

"Na wenyeji wenyewe je?"

Saleh akadakia kutoka kwenye kochi: "Asya nawe! Hilo halimo kwenye mtihani."

Wakacheka wote wawili, wakatazamana. Na mimi, mjinga wa Mungu, nikawamiminia chai!

Mara Saleh akawa hataki mchuzi wangu, anataka wa Zuhura. Mara nikiingia, mazungumzo yanakatika... Nilijisemea, huyu mdogo wangu, damu yangu, atanifanyia nini?

Mama yangu akafariki. Nikaenda Pemba msibani, nikakaa miezi mitatu. Niliporudi na begi langu, ufunguo haukuingia mlangoni. Kitasa kipya!

Saleh akafungua kidogo tu, mnyororo umefungwa. Nyuma yake Zuhura... na tumbo mbele!

"Dada, nisamehe," akasema. "Tumeshaandikishwa ndoa serikalini. Mtoto anataka karatasi."

"Usipige kelele," Saleh akaniambia. "Majirani wataita polisi."

Mlangoni kwangu!

Nikaenda kwa mwanasheria, mama wa Kihindi aliyezaliwa Mombasa. Alinisikiliza vizuri, akanishika mkono. Akasema, "Mama Asya, kwa sheria ya hapa wewe hukuachwa. Hukuwahi kuolewa."

Miaka yote ile! Nilimpikia nani? Nililala na nani? Nililia ofisini kwa watu mpaka akafunga mlango.

Saleh wa Walthamstow, Zuhura mwanahizaya, sikuwasamehe na sitawasamehe.

Nyinyi dada zangu mlioko ughaibuni, nawaombeni kwa machozi... Sheikh akishamaliza, mshikeni huyo bwana mwende mkaandikishe siku ile ile. Akikwambia haina haja, muulize: nafasi hiyo kwenye karatasi unamwekea nani?