Sista Dorcus Hakutoa Shauri

Mwaka wa 1956, katika laini za nyumba za wafanyakazi wa majani chai upande wa Kericho, Kipsang aliamka akiwa amechoka kama hakulala. Alipika uji mwenyewe. Mkewe, Chepkosgei, hakuugusa. Ulikuwa mwezi wa pili tangu mtoto wao wa pekee, Kipkorir, afe kwa homa. Mama huyu hakuwa akichuma chai wala kusema, na alikuwa amebaki mifupa mitupu. Kipsang aliogopa kwamba atazika tena.

Si kwamba watu hawakusaidia. Walisaidia mno! Shangazi alisema, "Nyamaza, utapata mwingine." Mzee wa kanisa alimwambia asahau. Majirani, kwa huruma yao, waliacha hata kumwita Mama Kipkorir. Kipsang naye alificha nguo za mtoto. Kila mtu alikuwa na dawa yake, na mgonjwa alizidi kudhoofika.

Mwishowe Kipsang akampeleka mkewe kwa Sista Dorcus, muuguzi wa zahanati.

"Sista, mwambie akule," Kipsang alisema.

Dorcus hakumwambia ale. Alivuta kiti karibu na Chepkosgei.

"Nikuite nani?"

Kipsang alitaka kujibu. Dorcus akamzuia kwa mkono.

"Mama Kipkorir," Chepkosgei alisema.

"Mama Kipkorir, mimi niko hapa. Ukitaka kuongea, ongea. Ukitaka kunyamaza, tutanyamaza pamoja."

Walinyamaza. Kisha Chepkosgei akasema polepole, "Waliniita kule shambani, mtoto ana homa. Mimi nilijaza kikapu kwanza."

Kipsang alishtuka. Hakuwa amelijua hilo. "Hiyo si makosa yako! Wacha kusema..."

"Baba, ngoja," Dorcus alisema. Akamgeukia mama. "Ulijaza kikapu kwanza. Na hii yote umebeba peke yako."

Hapo Chepkosgei alilia kwa sauti. Hakuna aliyemnyamazisha.

Walipotoka, Kipsang aliuliza, "Na dawa, Sista?"

"Dawa ni hii umeona. Msikie kwanza. Usimharakishe. Mlete tena Alhamisi."

Walienda Alhamisi nne. Nyumbani, Kipsang alirudisha nguo za mtoto. Alijifunza kukaa na kusikiliza, na kazi hiyo ilizidi kupalilia kwa ugumu. Chepkosgei akaanza kula, kidogo kidogo, akarudi kuchuma chai. Siku nyingine bado alilia.

Jioni moja, wakiwa wanakula, alimtazama mumewe kwa muda mrefu.

"Na wewe?" akauliza. "Wewe ulilia lini?"

Kipsang akafungua mdomo aseme kwamba mwanamume halii. Badala yake akatazama nguo za mtoto. Chepkosgei akaweka sahani chini, akasogea karibu naye, akangoja.